Dume Albino, Vifaranga Wote Macho Meusi

SWALI: Mwalimu, salaam. Nilinunua gapi (samaki mdogo wa tangini) dume albino, macho mekundu kabisa, pamoja na jike wa kijivu kutoka duka hilo hilo. Wiki tatu baadaye jike amezaa, lakini vifaranga wote ni kijivu na macho meusi. Je, nimeuziwa albino bandia? – Msomaji, Lanet, Nakuru

JIBU: Macho mekundu hayapakwi rangi, mwanangu. Ule wekundu ni damu, inaonekana kwa kuwa jicho halina melanini, yaani rangi nyeusi ya mwili, ya kuificha. Dume wako ni albino.

Mimi naziwazia hizo wiki tatu. Gapi hubeba mimba takriban wiki nne, na jike aliyekaa tangi moja na madume dukani kwa kawaida hufika kwako tayari ana mzigo. Tena huweka akiba ya mbegu za dume kwa miezi kadhaa, akazaa mara nyingine bila kupandwa tena. Baba wa hao vifaranga huenda yuko dukani bado.

Hata wangekuwa wa albino wako, wangetoka kijivu vilevile. Kila samaki ana nakala mbili za kila jeni, yaani maagizo ya kurithi, moja ya baba na moja ya mama, na nakala moja nzima inatosha kutengeneza melanini. Albino huonekana pale zote mbili zina hitilafu.

Kwa hiyo anza na majike ambao hawajaguswa. Chunguza vifaranga wakitimiza wiki tatu hivi: pezi la chini, nyuma ya tumbo, kwa dume huanza kuchongoka kama kijiti, kwa jike hubaki pana, na karibu nalo kuna doa jeusi. Toa madume upesi. (Usiku wa Nakuru una baridi, weka hita nyuzi 25, la sivyo watadumaa.) Majike wakikomaa, wape albino wako. Watoto wote watakuwa kijivu, ila kila mmoja amebeba hitilafu. Ukimrudisha binti kwa baba yake, nusu watakuwa albino. Ukiwapandisha ndugu kwa ndugu, robo. Huo ni wastani tu: katika vifaranga 20 wa ndugu unaweza kupata 8 au 2, usije ukanilaumu.

Wakizaliwa, watenge. Albino huona vibaya kwenye mwanga mkali na ndugu zao wa kijivu humaliza chakula. Hapa Kisumu wangu hukaa kwenye beseni kivulini, nawapa kiini cha yai la kuchemsha, chembe tu, kikizidi maji yananuka.

SWALI: Mwalimu, dume wangu na jike wangu wote ni albino, kutoka kwa wafugaji tofauti. Jike nimemlea mwenyewe peke yake. Mbona wamezaa weusi watupu? – Msomaji, Kakamega

JIBU: Melanini hupitia hatua kadhaa, na kila hatua ina jeni yake. Dume wako ameharibikiwa moja, jike nyingine. Kila mzazi amempa mtoto nakala nzima ya ile iliyomkosa mwenzake. Ukiwapandisha watoto hao wao kwa wao, jeni hizo zikirithiwa kila moja kivyake, tarajia albino 7 kati ya 16, na kwa macho hutajua yupi ana hitilafu ipi.