Mseto wa Zanzibar: tazama aliye chini ya waziri

Swali lenu la wiki hii linauliza kama serikali ya umoja wa kitaifa ya Zanzibar inafaa kuigwa na kaunti zetu za Kenya, hasa pale gavana anapotoka chama kimoja na wingi wa bunge la kaunti ukawa wa chama kingine. Inafaa kuigwa, lakini nusu yake tu. Namna ilivyoingizwa kwenye katiba tuichukue, na namna ilivyogawa madaraka tuitazame kwa makini kabla ya kuinakili, kwa sababu iligawa viti vya juu na kuacha vya chini mikononi mwa mtu mmoja.

Kwanza ilivyozaliwa. Chama tawala, CCM, na chama kikuu cha upinzani Zanzibar wakati huo, CUF, walikuwa wametia saini muafaka mara mbili, Juni 1999 na Oktoba 2001. Wa pili ulikuja baada ya mauaji ya waandamanaji ya Januari 2001, ambayo yaliwafanya watu zaidi ya elfu mbili kukimbia Pemba na kufika huku kwetu Shimoni, pwani ya Kenya. Miafaka yote miwili ilikuwa makubaliano ya vyama. Chama kikikaidi, hapakuwa na kifungu cha katiba cha kukibana. Mazungumzo ya tatu yalikwama 2008. Ndipo Rais wa Zanzibar, Amani Abeid Karume wa CCM, na Maalim Seif Sharif Hamad wa CUF walipokutana Ikulu tarehe 5 Novemba 2009, na safari hii wakafuata njia nyingine: Baraza la Wawakilishi, yaani bunge la Zanzibar, likapitisha azimio, wananchi wakapiga kura ya maoni tarehe 31 Julai 2010, asilimia 66.4 wakasema ndiyo, na mwezi uliofuata katiba ikafanyiwa marekebisho ya kumi. Yote hayo yalimalizika kabla ya uchaguzi wa Oktoba. Mpangilio huo ndio uliokuwa na maana kubwa, maana kila chama kilikubali kanuni kabla ya kujua nani atashinda. Huku kwetu 2008 tulifanya kinyume: damu ilimwagika kwanza baada ya uchaguzi, kisha mkate ukagawanywa huku kila upande ukishikilia kwamba ulishinda.

Muundo wenyewe si mgumu kuuelewa. Rais anatoka chama kilichoshinda. Makamu wa Kwanza anatoka chama kilichoshika nafasi ya pili. Makamu wa Pili anatoka chama cha Rais, lazima awe mjumbe wa Baraza la Wawakilishi, na ndiye kiongozi wa shughuli za serikali humo barazani. Mawaziri nao hugawanywa kwa uwiano wa viti vya vyama. Mwaka 2010 majimbo yalikuwa 50: CCM ilipata 28, CUF 22. Kwa hesabu hiyo, wizara 20 zingegawanyika 11 kwa 9. Ila uwiano unahesabu idadi, hauhesabu uzito. Hakuna kanuni inayosema fedha, ardhi au tawala za mikoa ziende kwa nani. Mshirika anaweza kupata idadi yake kamili na bado akakosa kila wizara inayogusa bajeti.

Makosa mawili ya hesabu yamekwisha kujitokeza. La kwanza ni kizingiti: chama cha pili kinapaswa kufikisha asilimia 10 ya kura za urais. Uchaguzi wa Oktoba 2015 ulipofutwa na kurudiwa tarehe 20 Machi 2016, CUF ilisusia, Dk. Ali Mohamed Shein wa CCM akatangazwa mshindi kwa zaidi ya asilimia 91, na wagombea wengine wote wakabaki chini ya kizingiti. Serikali ya umoja ikakosekana kwa miaka minne na ushei ingawa ibara zake zilikuwa palepale. Kifungu kilichotungwa kwa ajili ya ushindani hakikuwa na jibu kwa susio. La pili ni tofauti ya kura na viti. Mwaka 2020 Maalim Seif, akiwa amehamia chama cha ACT-Wazalendo, alitangazwa kupata asilimia 19.87, lakini kwa mfumo wa jimbo moja mshindi mmoja, viti vya chama chake vilikuwa vichache mno. Rais Hussein Mwinyi wa CCM aliapishwa tarehe 2 Novemba, Maalim akaapishwa kuwa Makamu wa Kwanza tarehe 8 Desemba, na chama chake kikaishia na wizara mbili: afya, na ile ya biashara na viwanda. Anayetaka kuiga hesabu hii aamue mapema kama uwiano utapimwa kwa kura au kwa viti. Matokeo yake yako mbali kama Unguja na Pemba.

Sasa nifike palipo na uzito. Makamu wa Kwanza ni mshauri mkuu wa Rais, na ofisi yake imekuwa ikisimamia mambo kama mazingira, UKIMWI na watu wenye ulemavu. Makatibu wakuu, ambao ndio wanaoidhinisha matumizi wizarani, wanateuliwa na Rais. Wakuu wa mikoa na wilaya, Rais. Mkuu wa mkoa ndiye anayeteua sheha, kiongozi wa shehia, eneo la ngazi ya chini kabisa ya utawala, na sheha ndiye anayemthibitisha mkazi wa shehia yake anapotaka kitambulisho au kujiandikisha kupiga kura. Kwa hiyo ugomvi unaowaumiza watu mlangoni mwao haukuwahi kuingia kwenye mgawo. Polisi nao ni jambo la Muungano wa Tanzania, nje ya mamlaka ya serikali ya Zanzibar yote, si ya mshirika peke yake. Mtu anayeshangaa kwa nini maridhiano yaliyoungwa mkono na karibu theluthi mbili ya waliopiga kura hayakuzuia mvutano wa 2015 aanzie kwa sheha.

Tukirudi Nairobi: wadi 85, gavana anayechaguliwa moja kwa moja, na mawaziri wa kaunti wasiozidi 10 ambao hawawezi kuwa wajumbe wa bunge la kaunti. Bunge huwaidhinisha, na halipaswi kuidhinisha orodha inayovunja kanuni ya theluthi mbili ya jinsia. Hakuna sheria inayomlazimisha gavana kugawana na yeyote. Zaidi ya hayo, Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012 inamruhusu kumfuta waziri wa kaunti wakati wowote akiona inafaa. Linganisha na mkataba wa Februari 2008 uliozaa serikali ya mseto ya Kibaki na Raila, uliotaka viongozi wakubaliane kwa maandishi kabla waziri wa mseto hajaondolewa. Hata hapo, Februari 2010, Waziri Mkuu Raila Odinga alipowasimamisha mawaziri wawili kwa miezi mitatu, Rais Kibaki alibatilisha hatua hiyo siku hiyohiyo. Mkataba ulitaja kuondoa na haukusema lolote kuhusu kusimamisha.

Chama kinachoingia mseto wa kaunti kidai kwanza nafasi za maafisa wakuu wa idara za kaunti, kwa kuwa wao ndio wanaosimamia fedha za idara. Waziri wa kaunti hana saini hiyo. Majina ya maafisa hao hupitia bodi ya utumishi wa umma ya kaunti na bunge, kwa hivyo makubaliano yataje idara kwa jina, siyo idadi tu. Pawe na kifungu kinachosema nani atajaza nafasi ikibaki wazi, na ndani ya siku ngapi. Pawe na neno "kusimamishwa" kando ya "kuondolewa". Na hati yenyewe ifikishwe kwa Msajili wa Vyama vya Siasa: miezi minne kabla ya uchaguzi kwa muungano wa kabla, siku 21 baada ya kutiwa saini kwa muungano wa baada. Wanaojadiliana kuhusu 2027 wahesabu kurudi nyuma kutoka Agosti, na watagundua kwamba mlango unafungwa Aprili.