Mchezo mfupi wa jukwaani: nimejibu maswali yenu

Mvua imeisha tu watu wamekumbuka kuigiza, maswali yamejaa. Haya twende.

Sisi ni wamama wa kikoba Uyole, tuko saba na baba mmoja. Tunataka mchezo wa nusu saa siku ya kugawana hela. Tuchukue upi?

Shikamooni wamama, na huyo baba pole yake. Kwanza msitafute mchezo wa watu wanane, tafuteni wa watatu, wengine waimbe na washike mavazi, maana mtu mzima ana biashara yake Mwanjelwa, ana mgonjwa, ana msiba, na kikundi cha wanane mimi sijawahi kukiona kimetimia mazoezini hata siku moja. Kuna mchezo wa Mrusi Anton Chekhov wa 1888, unaitwa Dubu. Mjane kajifungia ndani anamlilia marehemu, anatokea mwanaume anadai deni la chakula cha farasi alilokopa huyo marehemu, kakaa sebuleni hatoki mpaka alipwe, wanatukanana weee mpaka wanataka kupigana bastola, mwisho wanapendana. Watu wenyewe ni watatu, na mtumishi yumo humo, chumba kimoja basi. Sasa deni, mjane na mdai aliyegoma kutoka, si kikoba chenu hicho? Chakula cha farasi kigeuzeni pumba za ng'ombe.

Tukiutafsiri wenyewe hatutashtakiwa?

Chekhov alifariki 1904, na sheria yetu ya hakimiliki ya 1999 inalinda kazi maisha yote ya mwandishi na miaka 50 baada ya kifo, kwa hiyo kwake mko salama. Ila ile tafsiri ya Kiingereza mnayosomea inaweza kuwa bado ina mwenyewe, hapo kuweni makini. Michezo ya waandishi wetu walio hai ombeni ruhusa kwa mchapishaji, au waulizeni COSOTA, wale wa hakimiliki Tanzania. Msiseme "kiingilio ni bure", bure yenu isiwe hasara ya mwenzenu.

Kaka, tuko Iringa mjini, tumeandika mchezo wa Mkwawa, chifu wa Wahehe aliyepigana na Wajerumani, kuanzia vita vya Lugalo 1891 mpaka fuvu lake linarudishwa 1954. Una maonyesho 14, watu wanasema mrefu.

Miaka 63 kwa mchezo mfupi mmoja! Hapo hata mkikimbia jukwaani hamfiki. Mchezo wa onyesho moja unataka sehemu moja, saa moja, na jambo moja linaloharibika watu wakiliona. Nyie chukueni usiku mmoja tu. Ngome yake ya Kalenga imeshaanguka 1894, Mkwawa yuko porini, Wajerumani wametangaza zawadi kwa atakayemleta. Nyumbani kwa watu, usiku, mlango unagongwa. Baba anataka kufungua, mama anawaangalia watoto waliolala, na kijana wao mkubwa kimya tu anawaza ile zawadi. Mlango usifunguliwe mpaka mwisho, au usifunguliwe kabisa, mtajua wenyewe. Mkwawa haonekani hata kidogo, na hapo mmemaliza na ule ugomvi wa nani awe Mkwawa, ambao najua upo, usinidanganye. Yale maonyesho 13 msiyachome, humo mna michezo mingine.

Tukuyu hapa. Ukumbi wetu una bati tupu, mvua ikinyesha hatusikiki.

Mvua ya Rungwe haishindani na mtu ndugu yangu, mimi nilishaigiza chini ya bati Aprili, mstari wa pili wote walikuwa wanaulizana "kasemaje?" Sogezeni mpaka Julai, mje na masweta.

Nina miaka 58, niko Mafinga. Maneno hayakai kichwani, niache?

Shikamoo mzee, usiache. Usikariri umekaa, kariri unatembea na unafanya kile mhusika anachofanya, kama anamenya viazi basi menya. Mwambie mjukuu arekodi kwenye simu maneno ya wenzako, aache nafasi kimya pale pako, uwe unajibizana nayo ukiwa shambani. Wale wa vichekesho vya zamani skripti hawakuwa nayo, walikubaliana tu nani anaingia lini na anataka nini, ukilijua hilo hata neno likikukimbia utapata jingine. Na mwekeni mtu nyuma ya pazia na karatasi, akunong'oneze. Awe na sauti lakini, siyo yule anayenong'ona mpaka yeye mwenyewe hajisikii.