Usimwache, wala usimbebee

Mwanangu mpendwa,

Barua yako nimeipata. Unasema tangu kijana wako apate alama 31 kwa 100 katika hesabu, akirudi shuleni anajifungia chumbani, na ameapa kwamba hesabu basi tena. Wewe unataka kwenda kuzungumza na mwalimu; mkwe wangu anasema aachwe, kwani asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu. Unaniuliza ufuate upande gani, na moyo wa kustahimili mtoto anaupataje.

Mkwe wangu hajakosea kabisa. Kijana ambaye kila akikwama anakwamuliwa hatajua kujikwamua. Ila mtoto aliyeachwa na shida yake peke yake hakomai. Anachojifunza ni kutomwambia mtu.

Mtafiti mmoja, Emmy Werner, pamoja na wenzake waliwafuatilia watoto 698 waliozaliwa mwaka 1955 katika kisiwa cha Kauai, Hawaii, tangu tumboni hadi utu uzima. Wako waliokulia katika umaskini, ugomvi wa wazazi, ulevi na maradhi ya akili nyumbani. Wengi wa hao walipata matatizo, lakini takriban theluthi moja walikua watu wazima wenye kujiamini na kujali wengine. Jambo lililojitokeza tena na tena kwa hao waliosimama ni kwamba kila mmoja alikuwa na angalau mtu mzima mmoja aliyemshika tangu utotoni: bibi, shangazi, mwalimu, mtu yeyote asiyemchoka. Habari hiyo hunipa moyo sana, kwa sababu kuwa mtu huyo hakuhitaji fedha wala elimu kubwa.

Kwa hiyo leo jioni bisha hodi, uingie, ukae. Usianze na mawaidha. Usimwambie kwamba mtihani mmoja si kitu. Maji ya kifuu ni bahari ya chungu, na kwake yeye hiyo ndiyo bahari. Akiwa tayari, mwombe alete ile karatasi ya mtihani. Msiipitie yote. Achague swali moja alilokosa, akueleze alikuwa anawaza nini alipoliandika. Utashangaa: mara nyingi hatua tatu za mwanzo zimenyooka, kisha alama ya kutoa ikapotea alipofungua mabano, na kila kitu kikaharibika kuanzia hapo. Mwonyeshe palipokuwa sawa kabla ya palipopinda. Kijana anayejiona hana akili, na kijana anayejua kwamba mabano ndiyo yanamsumbua, wamepata alama zilezile, lakini wa pili ana pa kuanzia kesho.

Kwa mwalimu aende mwenyewe. Mfanyishe mazoezi ya maneno mkiwa jikoni, wewe ukiwa mwalimu, hata mwalimu mwenye haraka na uso mkavu. Kama hakusikilizwa mara ya kwanza, arudi. Wewe nenda tu ikiwa anaonewa au anadhihakiwa. Hilo si la mtoto kulipigania peke yake.

Usingizi nao usiudharau. Vijana wa miaka 13 hadi 18 wanahitaji saa 8 hadi 10 kwa usiku, na katika umri huo saa ya mwili husogea mbele, usingizi ukachelewa kuja. Si ukaidi. Simu ilale nje ya chumba chake, na zenu pia, ama sivyo hatakubali.

Mwambieni pia habari za ukoo. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Emory, Marekani, walitunga maswali 20 kuhusu historia ya familia wakaona kwamba watoto wanaoijua zaidi huwa na kujithamini zaidi. Basi asisikie ushindi tu. Babu yake alipoachishwa kazi alikaa miezi akiondoka asubuhi na kurudi mikono mitupu, akivaa shati lilelile lililopigwa pasi. Hilo mjukuu wangu hajawahi kuambiwa, na nataka nimwambie mwenyewe.

Jambo la mwisho ndilo ninalowasihi mno. Hasira na machozi ya siku chache ni ya kawaida. Lakini huzuni ikipita wiki mbili, asile, asilale, akawaacha marafiki na michezo aliyoipenda, mpelekeni kwa daktari au mshauri wa afya ya akili. Hapo si suala la kumkomaza. Na akitamka kwamba afadhali asingekuwepo, muulize wazi kama anafikiria kujiua. Kuuliza hakumtii wazo hilo kichwani, na wengi huona nafuu kuulizwa. Usimwache peke yake, ondoeni karibu naye dawa na chochote cha kujidhuru, tafuteni msaada saa hiyohiyo, na mnipigie, hata iwe usiku wa manane.

Mama yako