Kabla Hujaongeza Mkataba wa Kufundisha Kiingereza Burundi

Walimu wa Kigoma tunaovuka mpaka wa Manyovu kwenda kufundisha Kiingereza Burundi huwa tunatafakari sana suala la kwenda, lakini suala la kubaki hatulipi uzito wake. Kwenda hujadiliwa na wazazi, mke au mume huulizwa, nauli hukopwa, na pengine sheikh au mchungaji huombwa dua. Kubaki hutokea tu. Mwezi Juni unafika, mkuu wa shule anakuita ofisini, anakusifu kidogo, anakusogezea karatasi mezani, nawe unatia saini kwa sababu ni rahisi kuliko kufunga virago. Mimi nilifundisha katika shule moja ya binafsi mjini Bujumbura, nikaongeza mkataba, na sijutii. Hata hivyo, nimeona wenzangu kadhaa wakiongeza mwaka juu ya mwaka bila kuweza kueleza wanabakia nini, na hao ndio ninaowaandikia.

Kazi yenyewe ipo, na haielekei kwisha karibuni. Burundi iliingia katika Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2007, na mwaka 2014 Kiingereza kikawa lugha rasmi pamoja na Kirundi na Kifaransa. Shuleni, hata hivyo, mtoto huanza kwa Kirundi na kuendelea kwa Kifaransa, kwa hiyo shule inayotaka kuwaridhisha wazazi kwa Kiingereza hulazimika kumtafuta mwalimu aliyesomeshwa kwa lugha hiyo. Ndivyo sisi, ambao huku nyumbani Kiingereza chetu hulaumiwa kila matokeo ya kidato cha nne yanapotoka, tunavyogeuka mabingwa tukishavuka mpaka. Heshima hiyo ni tamu, lakini haitoshi kuwa sababu ya kubaki.

Sababu ninayoiamini ni darasa. Mwaka wa kwanza mwalimu mgeni hafundishi sana; anajifunza jinsi watoto wale walivyozoea kufundishwa. Sisi Waha tuna nafuu sokoni na kwenye daladala, kwa kuwa Kiha na Kirundi vinasikilizana, lakini nafuu hiyo huishia mlangoni mwa darasa. Wanafunzi wangu waliandika tarehe, wakaandika kichwa cha somo, wakakipigia mstari mwekundu kwa rula, kisha wakatulia wakisubiri maelezo ya kunakili. Nilipomtaka kijana mmoja wa dawati la nyuma anieleze njia ya kutoka shuleni hadi sokoni, aliomba kwanza ruhusa ya kuandika. Aliandika kwa Kifaransa, akakata, akaandika tena kwa Kiingereza, akasimama na kusoma huku kidole kikifuata kila neno. Mwaka uliofuata kijana huyo huyo alinikatiza katikati ya sentensi kuniambia kwamba barabara niliyoitaja ilikuwa imefungwa kwa matengenezo, na hakuwa na karatasi mkononi. Kati ya matukio hayo mawili hapakuwa na mbinu ya ajabu. Palikuwa na muda, na mwalimu yule yule aliyeshapajua mahali watoto wanapokwama.

Kwa hiyo swali la kwanza la kumuuliza mkuu wa shule, kabla hujauliza mshahara, ni darasa gani utakalopewa. Ukipanda pamoja na wanafunzi wako, mwaka wa pili una thamani ambayo wa kwanza haukuwa nayo. Ukirudishwa kuanza na wageni watupu, unaurudia mwaka wa kwanza ukiwa umechoka zaidi. Ombi la kupanda na darasa liandikwe ndani ya mkataba, maana ahadi ya mdomo hufutwa na ratiba ya Septemba.

Kuhusu fedha, tahadhari kubwa ni kutouhesabu mshahara kwa wingi wa noti. Faranga ya Burundi imekuwa ikishuka thamani, na bei ya dola benki imekuwa mbali mno na bei ya mtaani, kiasi kwamba watu wawili wanaotaja mshahara mmoja wanaweza kuwa wanazungumzia vitu viwili tofauti. Mimi nilizoea kuupima mshahara wangu kwa mifuko ya saruji katika duka la vifaa vya ujenzi Mwanga, hapa Kigoma: baada ya kodi ya nyumba, chakula na nauli, kilichobaki kikibadilishwa kuwa shilingi kinanunua mifuko mingapi? Ukiona idadi inapungua wakati mshahara unaambiwa umepanda, hapo huna nyongeza. Ongeza kwenye hesabu hiyo uhaba wa petroli, ambao miaka ya karibuni umekuwa ukijirudia na kupandisha nauli na bei ya vyakula. Kama shule inakutaka kweli, iombe ikupe nyumba badala ya posho ya nyumba, kwa kuwa chumba hakishuki thamani ukilala.

Nyaraka nizitaje kwa ufupi, ingawa ndizo zinazoadhibu haraka. Uraia wa nchi ya Jumuiya unakurahisishia kuingia, lakini kuingia si kufanya kazi. Kwa mujibu wa kanuni za Itifaki ya Soko la Pamoja, iliyoanza kutumika mwaka 2010, kibali cha kazi hutolewa mwanzoni kwa muda usiozidi miaka 2 na hakivuki muda wa mkataba, hivyo mkataba mpya bila kibali kipya unakuacha ukifundisha bila ruhusa. Angalia pia pasipoti yako inaisha lini. Kama wewe ni mwajiriwa wa serikali uliyepewa likizo bila malipo, muda wa likizo hiyo ndio mpaka wako, hata shule ikikupenda namna gani. Omba nyongeza kwa maandishi na usubiri jibu kwa maandishi, kwa sababu utoro kazini unaweza kukufukuzisha. Na kama uko NSSF, mfuko wetu wa hifadhi ya jamii, kumbuka kwamba pensheni ya uzeeni inadai michango ya miezi 180. Mwajiri wa nje hakuchangii huku, na vilevile hakukati deni la masomo la Bodi ya Mikopo, lakini deni haliendi likizo. Uliza uwezekano wa kuchangia kwa hiari na kulipa mkopo mwenyewe kabla miaka haijarundikana.

Bujumbura pia ina raha ya kumlegeza Mtanzania. Ukipanga mtaa wa Buyenzi utaishi kwa Kiswahili kuanzia kahawa ya alfajiri hadi mazungumzo ya barazani usiku, ziwa ni lile lile Tanganyika, na samaki wa mezani ni mgebuka unaomfahamu tangu utotoni. Raha hiyo humfanya mtu asahau kwamba yuko ugenini hadi siku ya msiba nyumbani. Mama yangu mzazi, alipoona ninasitasita, hakuniambia nirudi wala nibaki. Alisema, "Mwanangu, ukibaki, niambie unarudi lini, ili nijue nahesabu kuelekea wapi." Nadhani hakuna familia inayostahili chini ya hapo.

Ndiyo maana ninapinga mazoea ya kuongeza mkataba mwaka mzima kana kwamba hakuna kipimo kingine. Mwaka wa masomo wa Burundi huanza Septemba na kwisha katikati ya mwaka unaofuata. Wa kwetu huanza Januari. Anayerudi Julai hukuta shule za binafsi zimeshajaza nafasi zake, na hukaa nyumbani miezi kadhaa akila akiba aliyoitafuta ugenini. Nimeona walimu wakisaini tena Bujumbura kwa kuogopa miezi hiyo tu. Ukiwa na mtoto anayesoma, tatizo ni lile lile, na Kifaransa kinaliongeza.

Nilichofanya ni kuomba nyongeza hadi Desemba, mwisho wa muhula wao wa kwanza, ili Januari nisimame darasani Kigoma. Niliomba mwezi Machi, wakati shule bado inapanga walimu, si Juni wakati kila mtu anataka jibu la siku hiyo hiyo. Mkuu wa shule alikataa mwanzoni, na hoja yake ilikuwa ya haki: mwalimu anayeondoka katikati ya mwaka anawaacha watahiniwa njiani. Tulikubaliana nisishike darasa la mtihani, nibaki na lile nililolianzisha, na kuanzia Oktoba mwalimu Mrundi atakayenirithi aingie nami vipindi viwili kwa wiki. Mpango huo uliandikwa kama kiambatisho cha mkataba, tukasaini wote watatu.