Ukiona uzi umetokeza kwa paka, usivute!

Juzi mdogo wangu mmoja msomaji kanitumia picha, kapaka kake kameng'ang'ania juu ya mti wa krismasi macho yanawaka, ananiuliza eti dada, nikafungie nje mpaka Januari? Nikacheka weee, halafu nikanyamaza, maana pembeni nikaona zile kamba za kung'aa, zile za vijinyuzi vya fedha, zimening'inia mpaka sakafuni.

Ngoja niwasimulie habari za Mangi.

Mangi alikuwa paka wangu wa rangi ya chungwa, nilimwokota Kiboroloni katikati ya marobota ya mitumba akiwa saizi ya ngumi. Na Moshi Disemba mnaijua, watu wa Dar wanarudi, kila mtu anataka nyumba ipendeze kabla wageni hawajafika, mimi na kiherehere changu nikapamba sebule mpaka jirani akaja kupiga picha. Tarehe 22 Mangi akaacha kula. Tarehe 23 anatapika, anajificha nyuma ya friji, mi nawaza ni dagaa niliompa. Tarehe 24 asubuhi naona uzi unang'aa umetokeza kwa nyuma, chini ya mkia. Nikashika nikavuta.

Nikavuta jamani. Kidogo tu, akalia mlio ambao mpaka leo sipendi kuukumbuka.

Daktari wa mifugo alikuwa ameshapanda kwao Rombo, tukampata tarehe 26. Hakunigombeza. Alisema ulimi wa paka una vimiba vinavyoelekea kooni, uzi ukinasa pale kuutema ni kazi, anaishia kuumeza. Ncha moja inakwama, mara nyingi chini ya ulimi au tumboni, huku utumbo unaendelea kusukuma, unajikunja kama sketi ukivuta lastiki, na ule uzi unakata kama msumeno. Ukivuta unausaidia kukata. Alimpasua, Mangi akafa usiku wa kuamkia 27.

Na shemeji yangu mmoja akasema mezani, mbele ya watu, kwamba hela ile ingenunua beberu. Wakacheka. Kama anasoma hapa asome vizuri.

Kwa hiyo mdogo wangu, usimfungie nje, toa kamba. Hizo na riboni za zawadi na uzi wa maputo, vyote. Taa chomoa ukienda kulala maana wanatafuna waya, mapambo ya kioo weka juu au usiweke. Mishumaa mnajua wenyewe.

Halafu maua. Watu wanaogopa lile jekundu linalochanua Disemba kwenye nyua zetu, poinsetia, lile mara nyingi linamwasha mdomo na kumtapisha tu. Masale, yale majani tunayopanda mipakani huku Uchagani, pia yanamtapisha, usimwachie atafune. Ila yungiyungi, yale meupe makubwa ya harusini na madhabahuni, hayo usiingize ndani kabisa, hata ule unga wake ukidondoka kwenye manyoya akajilamba, hata maji ya kwenye chombo cha maua, figo zinaweza kufa ndani ya siku tatu.

Na akiacha kula siku nzima usisubiri sikukuu ipite. Tunasubiri mno sisi! Ng'ombe akikohoa mara moja daktari anaitwa usiku, paka anatapika siku mbili tunasema atapona mwenyewe, na namba ya daktari huna, unaanza kuitafuta tarehe 24 wakati watu wako migombani wanachinja. Itafute leo, na umuulize atakuwa wapi.

Mwaka huu mti wangu nimeufunga darini kwa kamba ya mbuzi, una vitambaa vya kitenge tu na mapambo ya mbao. Wanangu wanasema umenyongwa. Kisusio, huyu niliye naye sasa, aliukwea mara moja, akaona hauanguki, akashuka zake akalala kwenye boksi la mapambo.