Lithiamu, mkono unaotetemeka na mashairi yaliyokauka

SWALI: Shikamoo daktari. Mdogo wangu, tunaishi Kirumba hapa Mwanza, ni mshairi na mchoraji. Alikutwa na baipola, ugonjwa wa akili wa hisia kupanda na kushuka kupita kiasi, na huu ni mwezi wa tano anameza dawa yake, lithiamu. Ametulia, ila mkono unatetemeka akishika brashi, na anasema mashairi yamemkauka. Anataka kuacha dawa. Tumwache?

JIBU: Marahaba. Kuacha ghafla, hapana. Ikikatwa ghafla, ile hali ya hisia kupanda mno, mtu halali na anasema bila kituo, hurudi upesi, na hatari ya kujiua hupanda. Hata daktari wake akikubali, dozi hushushwa kidogokidogo kwa wiki 4 au zaidi, ikiwezekana miezi 3.

Mtetemeko mwembamba wa vidole ni jambo la kawaida kwa dawa hii. Kila asubuhi achore mviringo kama gamba la konokono, aandike na tarehe. Mstari ukianza kurukaruka sana, naye anayumba, ulimi mzito, anatapika au anaharisha, basi dawa imezidi mwilini: asimeze dozi inayofuata, mpelekeni hospitali siku hiyohiyo.

Inazidi kwa sababu lithiamu ni chumvi, na figo huichukulia kama chumvi ya mezani. Mwili ukikaukiwa maji na chumvi, figo huishikilia lithiamu pamoja na chumvi. Kuchora mabango juani kutwa nzima bila kunywa maji kunatosha, sembuse malaria ya kutapika. Ibuprofeni na diklofenaki, dawa za maumivu ambazo kila duka la dawa linazo, nazo huipandisha, pamoja na baadhi ya dawa za presha zinazokojoza. Kichwa kikiuma, anywe parasetamoli.

Damu ipimwe saa 12 baada ya dozi. Akimeza saa 2 usiku, atolewe damu saa 2 asubuhi kabla hajameza nyingine. Kiwango kinacholengwa mara nyingi ni milimoli 0.6 hadi 0.8 kwa lita. Kuna kosa moja la maabara: zipo chupa za damu zenye heparini ya lithiamu ndani (ya kuzuia damu isigande), na damu ikiwekwa humo jibu hupanda kwa uongo. Ulizeni kabla ya sindano.

Kiwango kikiwa sawa na mkono bado unasumbua, daktari anaweza kuhamishia dozi yote usiku, kuipunguza kidogo, au kuongeza propranololi, dawa inayotuliza mtetemeko (kama hana pumu). Kahawa apunguze taratibu. Akiikata ghafla, lithiamu hupanda. Na kwenye turubai, kijiti chenye kitambaa nchani cha kuegemeza kiganja husaidia kuliko watu wanavyodhani.

Mashairi sasa. Mwaka 1979 Mogens Schou, daktari wa akili wa Denmark, aliwauliza wasanii 24 waliokuwa wakitumia lithiamu: 12 walisema wanazalisha zaidi, 6 hawakuona tofauti, 6 walipungukiwa. Kwa hiyo simwiti mdogo wako mwongo. Lakini ukavu huo unaweza pia kuwa sonona iliyobaki, dozi kubwa mno, au tezi ya shingo iliyolegezwa na dawa, na hiyo ya mwisho ina tiba. Mkienda kliniki ya akili, Bugando au kwingineko, ombeni kipimo cha tezi na cha figo, na mbebe zile karatasi za konokono.