Mashine za boti zilizolala muda mrefu: maswali yenu

Nimepata boti ya mkononi, ina mashine mbili, zimekaa miaka 4. Niwashe tu nisikie mlio?

Hapana ndugu yangu, usiguse stata kwanza. Mashine ikilala hivo oili yote inachuruzika chini, silinda zinabaki kavu na ringi zinaweza kuwa zimeshika kutu, sasa ukiipiga ghafla unakwangua silinda ambayo labda ilikuwa nzima kabisa. Fungua plagi zote, dondoshea oili kidogo kwenye kila tundu, iache ilale usiku mzima alafu asubuhi zungusha flaiwili, lile gurudumu zito la juu ya mashine, kwa mkono taratibu. Ikigoma usilazimishe, ita fundi. Na ile petroli ya zamani mwaga yote, maana inachacha ndani ya miezi tu na kuacha gundi kwenye kabureta. Mipira ya mafuta nayo ikunje uone kama ina nyufa.

Kompresheni nzuri ni ngapi?

Kompresheni ni ule mgandamizo ndani ya silinda, unaupima kwa geji huku stata ikizungusha mashine. Namba nzuri inategemea mashine, kitabu chake kitakwambia. Mi naangalia zaidi tofauti, silinda moja ikisoma psi 120 na jirani yake 90 hapo kuna ugonjwa, zikipishana ndani ya asilimia 10 hivi sina wasiwasi. Betri iwe imejaa lakini, ikiwa dhaifu namba zote zinashuka utadhani mashine imekufa.

Oili ya gia imetoka kama maziwa.

Maji yameingia, sili zimechoka. Sili ni kitu kidogo, shida ni gia na bearingi zilizokaa na maji miaka yote hiyo. Usilipe kabla hazijafunguliwa.

Muuzaji kaiwasha nchi kavu "sekunde chache tu", kuna madhara?

Hii inaniuma kweli. Impela, ile feni ndogo ya pampu inayovuta maji ya kupoza mashine, ni mpira, kinachoilainisha ni maji yenyewe, ikizunguka kavu inaungua haraka sana, na hata isipoungua, kwa kukaa muda mrefu mabawa yake yameshapinda upande mmoja. Weka mpya kwenye mashine zote mbili, bila mjadala. Ndo uwashe, mguu wa mashine (ile sehemu ya chini yenye propela) ukiwa ndani ya pipa la maji, uone maji yanaruka kwa nguvu pale kwenye kitundu cha nyuma, yasipotoka zima hapohapo.

Na ukienda kuziona, kabla ya salamu nyingi shika vichwa vya mashine. Ukikuta zina joto ujue zimeshapashwa kabla hujafika, mwambie utarudi siku nyingine uzikute za baridi, maana tabu ya kuwaka huwa inaonekana hapo.